Nota za Fanfari na za Mpigaji wa Peke Yake

Kazi ya kuchagua nota za fanfari huanza kwa kuhesabu watu. Kiongozi huandika nani yupo, anapiga chombo gani, amekipiga kwa muda gani, na kama chombo chenyewe ni kizima au kina vali inayokwama. Wimbo huja baadaye. Wengi hupita njia ya kinyume: husikia muziki mtamu kwenye simu, huutafuta mtandaoni, huuchapisha, na siku ya mazoezi ndipo inapobainika kwamba sehemu yake tamu kuliko zote imepewa oboe, chombo ambacho hakuna mtu kundini aliyewahi kukishika.

Nota za bendi kutoka Marekani huandikwa kwa kundi kubwa: fluti, oboe, klarineti zilizogawanywa sauti tatu, klarineti ya besi, saksafoni za ukubwa mbalimbali, horni nne, matarumbeta, tromboni tatu, eufoni, tuba, na wapiga ngoma wanne au watano. Fanfari ya parokia au ya shule huko Butembo na Beni, miji ya Kivu Kaskazini nchini Kongo, yaweza kuwa na matarumbeta saba, tromboni mbili, saksafoni alto tatu, tuba moja, ngoma kubwa, ngoma ndogo na matoazi. Kundi kama hilo halina kasoro yoyote. Ni la aina nyingine tu, na nota zake zipo.

Zipo kwa sababu za kihistoria. Kongoni vyombo vya pumzi viliingia kwa milango miwili, kambi za Force Publique, yaani jeshi la wakati wa ukoloni, na shule za misioni. Mapadre Waasumpsio walifika eneo la Beni mwaka 1929, Wabatisti wakawa na kituo chao Katwa, Butembo, na Jeshi la Wokovu, ambalo popote liendako huenda na matarumbeta, lilianza kazi Leopoldville mwaka 1934. Mkoloni alikuwa Mbelgiji, na Ubelgiji, kama jirani yake Uholanzi, hutofautisha makundi mawili kwa makini. Kundi lenye fluti na klarineti nyingi huitwa harmonie. Kundi la vyombo vya shaba pamoja na saksafoni, bila klarineti, ndilo linaloitwa fanfare. Wachapishaji wa nchi hizo bado hutoa nota za fanfare hadi leo, na mpangilio wake unalingana zaidi na makundi mengi ya Kivu kuliko mpangilio wa bendi za shule za Marekani. Uti wa mgongo wa fanfare ya Kibelgiji ni bugli, chombo kinachofanana na tarumbeta ila mdomo wake ni mpana na sauti yake ni ya upole. Palipo na matarumbeta matupu, sauti ya bugli hupigwa na tarumbeta bila kubadilisha hata nota moja, kwa kuwa vyombo vyote viwili ni vya si bemoli na vidole vyake ni vilevile. Kinachopotea ni ule upole, na kiongozi hujaribu kuurudisha kwa kuwaambia wapigaji wapunguze.

Uingereza ina desturi yake: bendi ya shaba tupu, watu wapatao 25 pamoja na wapiga ngoma, na hakuna saksafoni hata moja. Nota za Jeshi la Wokovu zilikua ndani ya desturi hii. Ni nota nzuri, zimepangwa kwa kundi linalotembea barabarani na kuongoza uimbaji, lakini zina mtego utakaoelezwa baadaye.

Kwa kundi lisilolingana na mpangilio wowote kuna nota zinazobadilika. Wimbo huandikwa kwa sauti nne au tano tu, kisha kila sauti hutolewa kwa karatasi kadhaa: moja ya vyombo vya si bemoli, nyingine ya vyombo vya mi bemoli, nyingine ya vyombo vya ufunguo wa fa. Sauti ya tatu, kwa mfano, yaweza kupigwa na saksafoni teno, na tromboni au na horni, yeyote aliyepo. Mradi kila sauti ina mtu angalau mmoja, wimbo unakamilika. Kwa makundi ambayo wachezaji wake huja na kuondoka, kwa masomo, kwa biashara au kwa kukimbia vita, huu ndio uchaguzi wa busara kuliko wote, na inashangaza kwamba viongozi wengi huuona kuwa wa wanaoanza.

Njia ya kupima wimbo kabla ya kuununua ni kusoma karatasi kuu, ile ya kiongozi, kuanzia chini kwenda juu. Macho ya wengi huenda kwenye sauti ya kwanza ya tarumbeta kwa sababu ndiyo yenye wimbo. Besi ndiyo inayoamua. Kama tuba iko peke yake na ina vipimo ishirini vya mfululizo bila mahali pa kuvuta pumzi, wimbo utaanguka hapo. Baada ya besi hutazamwa mahali ambapo chombo kisichokuwepo kinapiga peke yake. Waandaaji wazuri huweka nota ndogo kwenye karatasi ya chombo kingine, ili tarumbeta ya pili, tuseme, ishike nafasi ya oboe. Karatasi yenye nota ndogo nyingi ni dalili kwamba mwandishi aliwafikiria watu wasio na kila kitu.

Tuba ikikosekana kabisa, kuna hila ambayo wapigaji wa saksafoni baritoni hurithishana. Saksafoni baritoni ni chombo cha mi bemoli na husoma ufunguo wa sol. Akipewa karatasi ya tuba au ya tromboni, iliyoandikwa kwa ufunguo wa fa, mpigaji huisoma kana kwamba ni ufunguo wa sol na kuongeza diezi tatu, au kuondoa bemoli tatu, mwanzoni mwa mstari. Nota iliyo katika nafasi ya tatu ya ufunguo wa fa ni mi, na wimbo ukiwa wa si bemoli, mi hiyo ni mi bemoli. Nafasi ileile katika ufunguo wa sol ni do, na do ya saksafoni hiyo husikika kama mi bemoli ileile. Wimbo wa bemoli mbili kwa tuba unakuwa wa diezi moja kwake. Ni kazi ya dakika chache kwa penseli, na besi imepatikana.

Hapo ndipo linapoingia jambo linalowachanganya watu kuliko yote: vyombo vingi vya pumzi havisemi kile vinachosoma. Tarumbeta ikipiga do iliyoandikwa, sikio husikia si bemoli. Saksafoni alto ikipiga do, husikika mi bemoli. Horni ikipiga do, husikika fa. Kinanda na fluti husema kile kilichoandikwa, na tromboni nayo, ikiwa inasoma ufunguo wa fa. Kwa hiyo karatasi ya kwaya haiwezi kugawiwa tu kwa fanfari. Chukua wimbo wa kanisani ulio katika gamu ya re, ambayo kwaya huipenda. Tarumbeta itabidi icheze gamu ya mi, yenye diezi nne, na saksafoni alto itacheza gamu ya si, yenye diezi tano. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi. Wimbo huohuo ukipandishwa nusu-toni moja, ukawa wa mi bemoli, tarumbeta hucheza gamu ya fa yenye bemoli moja, na saksafoni alto hucheza gamu ya do isiyo na alama yoyote. Waumini hawatahisi kwamba wimbo umepanda. Wapigaji watahisi kama wameteremshwa mlima.

Kwa sababu hiyo nota za fanfari karibu zote hukaa katika gamu za bemoli: si bemoli, mi bemoli, fa, la bemoli. Kiongozi anayeona karatasi kuu yenye diezi tatu au nne kwenye mstari wa fluti ana haki ya kuirudisha mahali pake bila kusoma zaidi, isipokuwa kundi lake limekomaa.

Mtego wa nota za Kiingereza ndio huu: katika bendi ya shaba ya Uingereza karibu kila mtu husoma ufunguo wa sol, tuba ikiwemo. Mpigaji wa tuba au wa eufoni aliyefundishwa kwa njia ya Kibelgiji au ya Kimarekani, aliyezoea ufunguo wa fa, akipewa karatasi hiyo hukwama. Wajerumani nao wana njia yao. Katika makundi ya matarumbeta ya makanisa ya Kijerumani, kwa kufuata mtindo uliosambazwa na mchungaji Johannes Kuhlo, tarumbeta husoma nota kama zinavyosikika kwenye kinanda. Sauti ambayo tarumbeta hutoa bila kubonyeza vali huitwa si bemoli badala ya do. Desturi hii ilifika Afrika Mashariki kupitia misioni za Kijerumani, na kwaya za tarumbeta za Kilutheri nchini Tanzania zimekulia ndani yake. Kitabu cha nyimbo cha aina hiyo kikiwekwa mbele ya mpigaji aliyesoma kwa Kifaransa, sauti zake zote hutoka toni nzima chini ya tromboni iliyo pembeni yake. Kelele inayotokea huwafanya watu washuku chombo. Kabla ya kukubali msaada wa nota kutoka nje, ni vizuri kuuliza zimeandikwa kwa desturi ipi, na kukagua karatasi mbili, ya tarumbeta na ya tromboni: kama zote mbili zina idadi moja ya bemoli mwanzoni, tarumbeta inasoma kama kinanda.

Msaada wa vyombo una tatizo lake la pembeni. Vyombo vya zamani vya bendi za Kiingereza, vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kufika katikati, vilikuwa na sauti ya juu kuliko ya leo, na makampuni yaliacha kuvitengeneza baada ya hapo. Chombo kama hicho kikikaa katikati ya vipya, hakuna uchaguzi wa nota utakaokiponya.

Wachapishaji wa Marekani hupanga nyimbo za bendi kwa ngazi, kuanzia 1 hadi 6 kwa kawaida. Ngazi ya 1 hukaa katika gamu za si bemoli na mi bemoli, nota zake ni ndefu na rahisi kuhesabu, na tarumbeta haivuki re ya mstari wa nne. Klarineti hubaki upande wa chini, isilazimike kuvuka ile sehemu ya katikati ambapo vidole vyote hufunga matundu kwa mara moja na sauti hukatika kwa anayeanza. Ngazi ya 3 huanza kugawa sauti na kudai mdundo usio wa kawaida. Ngazi ya 6 ni ya wanamuziki wa kazi. Namba hizo husaidia, lakini zilipangwa kwa shule ambako mtoto ana chombo chake nyumbani na mwalimu kila siku. Mahali ambapo watu watatu wanashirikiana saksafoni moja, ngazi ya 2 ya jalada ni ngazi ya 3 ya kweli.

Kuna pia suala la midomo. Misuli ya mdomo wa mpiga tarumbeta huchoka kabla ya mapafu yake, na misa ya sikukuu katika Dayosisi ya Butembo-Beni si jambo la dakika arobaini. Wimbo usio na mapumziko kwa shaba unaweza kuwa rahisi kwa nota zake na bado ukawa mgumu kuliko wimbo wenye nota nyingi na vipumziko vingi. Wapangaji wa nyimbo za kanisani huliona hili kwa uchache, kwa kuwa huandika kila ubeti kwa sauti zote. Dawa yake ni ya bure: ubeti wa kwanza upigwe na wote, wa pili na saksafoni na tuba, wa tatu na tromboni peke yake, kisha wote warudi.

Mahali pa kupigia huamua pia. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ingawa ikweta iko karibu sana, asubuhi na jioni ni baridi. Beni iko kilomita 54 hivi kaskazini, chini zaidi, kama mita 1,200, na joto lake ni jingine. Sauti ya chombo cha pumzi hushuka hewa iliyo ndani yake ikiwa baridi. Tofauti ya nyuzi 10 za joto huteremsha sauti kwa karibu theluthi ya nusu-toni kabla pumzi haijapasha bomba. Fanfari iliyopanda gari alfajiri na kuanza na wimbo wa polepole wenye sauti ndefu zilizoshikamana itasikika imepotoka, hata kama jana mazoezini kila kitu kilikuwa sawa. Wimbo wa kwanza uwe machi, au wimbo wa kanisa wenye sauti kubwa, na ule wa upole usubiri nafasi ya tatu.

Paa la bati nalo lina amri yake. Mvua ikinyesha, kila kitu kilichoandikwa kipigwe kwa upole hupotea, na katika milima hii mvua hainyeshi kwa ratiba. Barabarani upole hupotea vilevile, na fluti isiyo na kipaza sauti haisikiki hatua kumi mbele ya ngoma kubwa. Muziki wa nje unahitaji wimbo uwe juu, besi iwe ya kukanyagia, na vipimo visivyobadilika. Muziki unaogeuka kutoka mapigo manne kwenda matatu hauna mahali katika maandamano. Karatasi zenyewe ziwe ndogo, za kubanwa kwenye chombo. Nyimbo za machi huchapishwa kwa ukubwa huo, na anayenakili kutoka ukurasa mkubwa anafaa kukata wimbo vipande viwili badala ya kufifisha nota hadi zisisomeke.

Kati ya nyimbo ambazo kila fanfari lazima iwe nazo, wa kwanza ni wimbo wa taifa, Debout Congolais, ulioanza na uhuru mwaka 1960, ukawekwa kando wakati wa Zaire na kurudishwa mwaka 1997. Mtungaji wa muziki wake alikuwa padre Mjesuiti, Simon-Pierre Boka, ambaye ndiye pia aliyetunga La Zaïroise iliyochukua nafasi yake. Mipangilio mingi ya wimbo huo inazunguka, mingine ikiwa na sauti za katikati zilizobuniwa na mtu aliyesikiliza redio. Fanfari mbili zikikutana uwanjani siku ya 30 Juni, kila moja na gamu yake, hapana budi moja inyamaze. Wilaya au shule zinazoshiriki sherehe moja hufaidika kukubaliana mapema juu ya karatasi moja.

Nota za bure zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanzishwa mwaka 2006, hukusanya kazi ambazo haki zake zimekwisha, na ile ya CPDL hufanya hivyo kwa nyimbo za kwaya. Katika IMSLP mna machi za John Philip Sousa, aliyefariki 1932, na kazi za Gustav Holst, aliyefariki 1934. Suti mbili za Holst za bendi, ya 1909 na ya 1911, ni kati ya kazi zinazofaa kusomwa hata na kundi lisiloweza kuzipiga zote, kwa jinsi kila chombo kilivyopewa neno la kusema. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi maisha yote ya mtungaji na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulaya ni miaka 70. Ndiyo sababu kazi moja yaweza kuwa huru Butembo na bado ikalindwa Brussels. Ralph Vaughan Williams alifariki 1958: suti yake ya nyimbo za kienyeji za Uingereza, ya mwaka 1923, imekwisha kuwa huru Kongo, ilhali Ulaya inasubiri miaka 70 ikamilike. Ila mpangilio mpya wa wimbo wa kale una haki zake wenyewe, na karatasi iliyochapwa mwaka 2015 haifuati umri wa mtungaji wa wimbo. Kwa kazi za Wakongo walio hai, shirika linalosimamia haki ni SOCODA.

Mfano unaotajwa mara nyingi nchini ni Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Ni okestra yenye vyombo vya nyuzi, kwa hiyo si fanfari, na Kanisa la Kimbangu lina fanfari zake pia. Kinachofaa kujifunza kwake ni namna ilivyojijenga kwa wanamuziki wa kujifundisha, wakishirikiana vyombo na kunakili karatasi kwa mkono. Okestra hiyo ilifika hadi Simfoni ya Tisa ya Beethoven, na filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 ikaonyesha kazi hiyo duniani. Wanaoitazama huko Kivu wakati mwingine hutoka na somo la haraka, kwamba fanfari ianze na Beethoven. Wamekosea kuhesabu miaka: kati ya kuanzishwa na filamu ilipita miaka 16. Kunakili kwa mkono, kwa upande mwingine, bado ni somo zuri hata pale penye mashine ya kopi, maana anayenakili sauti ya tromboni hugundua mapema mahali ambapo hakuna pa kuvutia pumzi.

Nyimbo nyingi zinazopendwa zaidi Butembo na Beni hazijawahi kuandikwa kwa mistari mitano. Ziko kwenye madaftari ya kwaya kwa solfa, ile ya herufi d, r, m, f, s, l, t iliyoenezwa na mchungaji wa Kiingereza John Curwen katika karne ya 19. Kuzihamisha ni kazi ya jioni mbili tatu kwa anayejua njia zote mbili, mradi akumbuke kwamba do ya solfa huhama na gamu, wakati do ya wasomi wa Kifaransa imekaa mahali pamoja. Programu ya MuseScore, isiyo na malipo, hugeuza karatasi moja kuwa ya vyombo vyote kwa kubonyeza tu. Haijui, hata hivyo, kwamba sauti ya alto ya kwaya ikipewa tarumbeta ya pili bila mabadiliko itakaa chini sana na kuzama. Kwaya inapohamishwa kwenye fanfari, soprano ya kwaya kwa kawaida huenda kwa tarumbeta, alto kwa saksafoni alto, teno kwa tromboni, besi kwa tuba oktavu moja chini. Sauti ya katikati ikizama, hupandishwa.

Pana pia muziki wa mlima wenyewe, ambao bado haujatumiwa kama inavyostahili. Wakonzo wa upande wa Uganda, ndugu wa Wanande, wana endara, marimba ya mbao zilizolazwa juu ya migomba, na eluma, filimbi ambazo kila moja hutoa sauti moja tu, hivyo wimbo hujengwa na watu wengi wakipokezana. Mpangilio huo wa kupokezana unaingia kwenye fanfari kwa urahisi wa ajabu. Matarumbeta manne ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kila mmoja akijua nota mbili, wanaweza kupiga muziki wenye msukumo kuliko machi ya ngazi ya 1 iliyotoka ng'ambo. Mwandishi wa nota anayetaka kufanya hivyo anahitaji kusikiliza wazee wapigaji kabla ya kuandika, kwa sababu mapigo ya muziki huu hayagawanyiki vizuri katika nne za machi.

Mpigaji wa peke yake ana hesabu nyingine. Sehemu kubwa ya nota za tarumbeta, klarineti au fluti huandikwa na kinanda pembeni, na kinanda kinahitaji mtu wa kukipiga na umeme wa kukiwasha. Anayeishi mahali pasipo na uhakika wa vyote viwili atafanya vizuri kuanza na kazi zisizohitaji mwenza. Fluti ina fantasia 12 za Georg Philipp Telemann za miaka ya 1730, zilizoandikwa bila besi, fupi, na kila moja ina tabia yake. Wapigaji wa tromboni na tuba hutumia suti za selo za Johann Sebastian Bach, ingawa hazikuandikwa kwa watu wanaovuta pumzi na itabidi wachague mapema mahali pa kuivuta. Nota za klarineti mbili au za tarumbeta mbili, mwalimu na mwanafunzi, ni njia nyingine ya kuondokana na kinanda, na hufundisha sikio vizuri zaidi.

Vitabu vya mazoezi ni vya kale na vingi ni huru. Kile cha Jean-Baptiste Arban cha mwaka 1864 bado hutumiwa na wapiga tarumbeta duniani kote, na kile cha Hyacinthe Klosé cha 1843 na wapiga klarineti. Vyote vilitoka Paris, na maelezo yake ya asili ni ya Kifaransa, faida ya wazi kwa msomaji wa Kongo. Arban hasomwi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanafunzi hupewa kurasa chache za kutoa sauti, chache za ulimi, na moja ya wimbo, kila wiki.

Kati ya konserti kubwa, mbili huvutia vijana mapema mno. Konserti ya tarumbeta ya Joseph Haydn ya mwaka 1796 iko katika mi bemoli, na mwenye tarumbeta ya si bemoli huisoma kwa gamu ya fa. Sehemu yake ya katikati, ya polepole, inawezekana kwa mtu wa miaka minne mitano ya bidii, na inafaa kanisani. Sehemu ya kwanza na ya tatu zisubiri. Konserti ya klarineti ya Mozart ya 1791 iliandikwa kwa klarineti ya la, chombo ambacho wachache wanacho. Mwenye klarineti ya si bemoli anunue toleo ambalo karatasi ya kinanda imehamishwa hadi si bemoli. Akinunua toleo la kawaida, yeye na kinanda watatofautiana nusu-toni tangu sauti ya kwanza.

Anayetaka cheti huangalia orodha za ABRSM, bodi ya Uingereza ya mwaka 1889 yenye madaraja manane, ambayo mitihani yake hufanyika Kenya na Uganda. Kutoka Beni, Kampala iko karibu kuliko Kinshasa, kwa kupitia Kasindi. Tangu 2020 bodi hiyo ina mtihani wa kurekodi video: vipande vinne vinapigwa kwa mfululizo bila kukata. Orodha zake hata kwa asiyefanya mtihani ni mwongozo mzuri, kwani mtu hujua kipande fulani ni cha daraja la 3 au la 5 kabla ya kutoa pesa.

Baada ya uchaguzi, jaribio la mwisho ni kusoma pamoja mara mbili bila kusimama, mwendo ukiwa wa taratibu. Mara ya kwanza kila mtu hupotea, hilo halihesabiwi. Mara ya pili kama robo tatu ya kundi imefika mwisho pamoja, wimbo unafaa na wiki nne hadi sita za mazoezi zitatosha. Kama kundi limesambaratika kabla ya ukurasa wa pili, wimbo unarudi kabatini. Kiongozi huandika kwa penseli nyuma ya karatasi kuu tarehe, idadi ya waliokuwepo, nani alishika nafasi ya chombo kisichokuwepo, na mahali kundi lilipokatikia, ili atakayeitoa miaka miwili baadaye asianze upya.